Kozi wa Mbali na Kipanga wa Uani



Baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake, swalla Llahu alayhi wasallam, makala yetu ya juma hili yahusu ndege. Katika Surat al-Mulk Qur'ani Tukufu yatutaka tuwaangalie ndege wanaoelea juu yetu, tupate kumtambua anayewashikilia huko. Na katika Surat al-An'am twafundishwa kwamba viumbe hao nao wana jumuiya zao, kama sisi tulivyo na zetu. Basi kumtazama ndege kwa mazingatio si mchezo wa watoto peke yao.

Siku hizi lakini mtu aweza kumtazama ndege pasi na kuinua kichwa. Huko Berkeley, jimbo la California nchini Marekani, juu ya mnara wa saa wa chuo kikuu, wamekuwa wakitaga kozi tangu mwaka 2017. Mwaka 2019 ziliwekwa kamera zinazoonyesha kiota chao mubashara, usiku na mchana. Kiota chenyewe ni kishimo tu katika changarawe, kwani kozi hajengi kwa vijiti. Jike hutaga mayai matatu au manne, na wawili hao huyaatamia kwa zamu kwa muda wa siku 33 hivi, zamu ndefu zikiwa za jike. Dume, ambaye ni mdogo kwa umbo, ndiye awindaye na kuleta chakula. Vifaranga huruka wakitimiza majuma kama sita.

Tuliwakuta watoto wa nyumba moja ya jamaa zetu huko Kedowa, katika nchi ya majani ya chai ya Kericho, pale reli ipitapo baina ya Londiani na Kipkelion, wakiitazama kamera hiyo kila siku baada ya sala ya Isha. Saa hizo kwetu ni usiku na baridi ya Kedowa imeshashuka, na huko Berkeley ni asubuhi. Wao ndio waliotuhadithia habari za mwaka 2022. Tarehe 31 Machi ya mwaka huo, dume aliyeitwa Grinnell alikutwa amekufa mjini, na jike wake Annie yuko juu ya mayai. Haukupita muda mrefu akaja dume mwingine, ambaye baadaye aliitwa Alden. Akayaatamia mayai aliyoyakuta, akaleta mawindo, hata vifaranga vikaanguliwa. Sisi hatuchukui sheria kutoka kwa ndege. Hata hivyo, aliyeoa mjane mwenye watoto na akawabagua mezani ana jambo la kuzingatia hapo.

Katika nyumba hiyo hiyo tuliulizwa suala zito. Mwenyeji wetu amepoteza vifaranga kadhaa vya kuku, vilivyonyakuliwa uani na ndege wa kucha. Jirani mmoja akampa shauri: chukua kipande cha nyama, kitie dawa ya kuulia wadudu, kiweke juu ya banda. Mwenyeji akatuuliza mbele ya watoto wake, "Sheikh wetu, yafaa?" Watoto wakanyamaza kimya kusikiliza tutasema nini.

Jawabu letu lilikuwa kwamba haifai, na sababu zake ni hizi.

Kwanza, kulinda mali ni haki ya mtu. Katika hadithi iliyo sahihi, mwewe ametajwa miongoni mwa wanyama watano ambao yaruhusiwa kuwaua kwa ajili ya madhara yao. Lakini si kila mwenye kucha kali ni mwewe. Kozi huwinda ndege wenziwe hewani, kama njiwa, akiwashukia kwa kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa. Na yule kipanga mkubwa wa nyanda za juu, mwenye mkia mwekundu, chakula chake hasa ni panya, fuko na nyoka, maadui wa shamba la mkulima. Ndege wa kucha haliwi, kwa hiyo anayemuua pasi na dharura hakupata kitoweo, na rafiki wa shamba amempoteza.

Pili, sumu haichagui. Ruhusa ya kumzuia mdhuru haikuwa ruhusa ya kumuua asiyedhuru. Nyama ile ataila mbwa wa jirani, na kunguru, na paka wa nyumbani, na mzoga wa kila mmoja wao utamuua mwingine. Aliyemnyakua kifaranga akiwa hai huenda asiiguse kabisa. Na mnyama wa jirani akifa kwa sumu yako, dhamana yake i shingoni mwako.

Tatu, wale kozi wawapendao watoto kwenye simu wana historia na sumu. Katika karne iliyopita dawa ya DDT iliingia katika miili ya kozi kupitia mawindo yao, maganda ya mayai yakawa mepesi hata yakavunjika chini ya mama zao. Marekani ilipiga marufuku dawa hiyo mwaka 1972, na haikuwa ila mwaka 1999 ndipo kozi akaondolewa katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Kwetu Kenya, utafiti uliolinganisha hali ya miaka ya 1970 na ya miaka yetu hii ulikuta kwamba aina 19 kati ya 22 za ndege wa kucha waliochunguzwa zimepungua. Sumu ni mojawapo ya sababu.

Tukamwelekeza mwenyeji wetu kwenye njia ya wazee: vifaranga wafunikwe kwa tenga hadi wapate nguvu, au uwanja wao uezekwe wavu wa waya, na pawe na kichaka cha mama kuku kukimbilia. Kutawakali huja baada ya kufunga ngamia.

Abu Daud amepokea kwamba maswahaba walichukua makinda mawili ya ndege mdogo safarini, mama yake akaja akipapatika, na Mtume akaamuru yarudishwe. Ndege yule alikuwa mbele yao, na makinda yalikuwa mikononi mwao. Kumhurumia kozi wa Berkeley hakutugharimu kitu. Kipanga wa uani hutugharimu kifaranga, na kwake ndiko tutakakoulizwa tulivyotenda. Enyi wazazi, watoto wanaotazama kiota kwenye simu huitazama na mikono yetu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie majumba yetu na mifugo yetu, na atujaalie huruma isiyodhulumu. Amin.