Anayechunga kahawa usiku, nani anamchunga?



Tukitembelea vituo vya kuoshea kahawa kandokando ya ziwa Kivu, sisi wanaagronomu tunaulizwa juu ya mbolea, juu ya mdudu antestia, juu ya bei. Hatujasikia mkutano mkuu hata mmoja ukiuliza: wafanyakazi wetu wanalala? Walilipwa lini?

Tuangalie kazi yenyewe. Matunda yaliyochumwa leo yanapaswa kumenywa leo leo. Kisha kahawa inaingia tangini kuchacha, na kuna mtu wa kuichunga. Usiku anaishika, anaisugua mkononi, anasikia kama ule utelezi umetoka. Saa zinabadilika kufuatana na baridi, kwa hiyo saa ya ukutani haimsaidii sana. Akipitiwa, kahawa inapata ladha ya siki na tangi lote linashuka daraja. Tangi lote, yaani jasho la familia nyingi.

Mtu huyu tunamwacha pale usiku wa tatu mfululizo, peke yake. Mshahara wake unangoja mnunuzi alipe. Mtoto wa segondari amerudishwa nyumbani juu ya minerval, na habari za vita zinamfikia kwenye simu. Mwili uko tangini, mawazo iko kwingine. Watu wanasema ni mvivu, ama ni pombe. Mara nyingi pombe inakuja nyuma ya kukosa usingizi.

Na hasara ikitokea, komite inamkata mshahara. Ule ambao bado hajalipwa!

OMS inahesabu kwamba huzuni nzito na wasiwasi vinapotezea dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Tusifikiri ni mambo ya maofisi ya Ulaya. Kwetu mpimaji aliyechoka anaandika kilo 58 pahali pa 85, mwanachama anajiona ameibiwa, na kesho anauzia mchuuzi.

Tunajua mutajibu: sisi pia tuko na mawazo, nani anatulipia usingizi? Ni kweli kabisa. Lakini palizi inaweza kungoja kesho, tangi haingoji.

Kwa maoni yetu, mkutano mkuu ukate maneno kabla ya mavuno: watu wawili wa zamu kila usiku, na makuta ya mishahara yawekwe pembeni mbele ya kugawana faida. Mtu asikatwe kitu kabla hajasikilizwa. Mtu wa pili ana gharama, ndiyo. Jera achukue kalamu, alinganishe na bei ya tangi moja lililoharibika.

Na yule ambaye majuma yanapita halali, ama amenyamaza kabisa, tusimwachie maombi peke yake. Muulize muuguzi mkuu wa kituo cha afya kama kuna msaidizi wa kisaikolojia, wale tunaoita APS. Jera ampe ruhusa ya kwenda, na siku hiyo ihesabiwe kama siku ya kazi.