Kosta ya Jumamosi na Mtoto Asiye na Kibao

Bumu, ile pesa ya kujikimu ya wanachuo, likishaingia, kundi la WhatsApp la darasa huchangamka. Huyu elfu mbili, yule elfu tano, mwenye nguo asizovaa azilete bwenini. Baada ya wiki mbili Kosta imekodiwa, fulana zimechapishwa, na Jumamosi asubuhi wanachuo wanashuka mbele ya kituo cha kulelea yatima na mchele, sukari, madumu ya mafuta na katoni za sabuni. Watoto wanaimba. Keki inakatwa. Picha inapigwa, mzigo mbele, watoto katikati. Saa tisa gari limeondoka.

Siwacheki. Nimepanda Kosta hiyo nikiwa mhazini, na najua fulana zetu zilikula pesa nyingi kuliko sukari.

Linalonisumbua ni namna tulivyochagua pa kwenda: tulifuata kibao. Kituo kina kibao barabarani, kina namba ya simu, kina mtu wa kupokea wageni. Mtoto anayelelewa na bibi yake nyumba ya nne kutoka hosteli hana kibao. Na ndiye aliyeko pale ambapo Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 ingependa mtoto awe, kwa watu wake. Kwingi ambako suala hili limechunguzwa, imeonekana kuwa wengi wanaoitwa yatima vituoni wana mzazi aliye hai. Mara nyingi kilichowafikisha huko ni ufukara. Basi chakula, madaftari na viatu vikiwa vinashushwa getini tu, mama aliyeshindwa kumlisha mwanawe anapata sababu nyingine ya kumpeleka getini.

Kenya ililiona hilo. Mwaka 2017 ilisitisha usajili wa vituo vipya, na 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia na jamii.

Je, waliomo vituoni leo wasile? Wale, tena washibe. Kumrudisha mtoto kwao huchukua muda, na njaa haingoji vikao. Ila mlezi aulizwe kabla ya kununua. Huenda stoo imejaa mchele wa wageni wa Ramadhani, na kinachomkosesha usingizi ni bili ya maji. Hakuna anayepiga picha na bili ya maji.

Kwa mjukuu wa yule bibi, mahitaji yanajulikana. Tangu Januari 2016 shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne hazitozi ada, lakini sare, viatu, madaftari na taulo za kike vimebaki kwa mzazi. Jinsi ya kumpata? Mwenyekiti wa mtaa ana orodha, ingawa orodha za mitaani zina tabia ya kuanza na wajomba. Ningeanza kwa mwalimu wa darasa: ndiye anayeona nani amekuja pekupeku, kisha afisa ustawi wa jamii athibitishe.

Na picha? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Hata bila sheria, mtoto wa miaka minane aliyeshikishwa mche wa sabuni mbele ya kamera atafika kidato cha tatu, na wenzake wana simu.

Mwaka wangu wa mwisho tulipendekeza tusikodi gari wala kuchapisha fulana, tununue viatu kwa vipimo alivyotuandikia mwalimu wa shule ya msingi jirani. Kundi lilipoa ghafla, tulibaki saba. Viatu tulivikabidhi ofisini jioni, wanafunzi wameshatawanyika. Hadi leo sijui ni nani aliyevivaa, na nilipokuwa nikipita pale asubuhi nilijikuta natazama miguu.