Mchezo wa kompyuta unapokuwa mlango wa vita

Katika mtaa wa New Site mjini Juba, vipo vibanda vya mabati ambamo vijana hulipa fedha kidogo ili wacheze michezo ya video kwa zamu. Mwenye kibanda kimojawapo alikulia katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, na Kiswahili chake ni cha huko. Aliniambia kuwa mchana wateja wake hucheza mpira wa miguu, na giza likiingia huomba vita. Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikamtazama mvulana wa miaka kama kumi na minne. Aliwaangusha watu tisa kabla ya kuangushwa yeye, akamkabidhi mwenzake kidhibiti, akatoka kununua mandazi. Lori la askari lilipita wakati huohuo barabarani, naye hakuinua hata macho.

Mchezo ule haukutengenezwa na jeshi lolote. Hata hivyo, majeshi yamekwisha kutambua kwa muda mrefu thamani ya kijana anayeweza kuketi mbele ya skrini kwa saa nne bila kuchoka. Katika miaka ya 1990, Jeshi la Wanamaji wa Nchi Kavu la Marekani liliubadilisha mchezo wa Doom II uliokuwa ukiuzwa madukani, likawafundishia askari wake namna ya kushirikiana katika kikosi kidogo. Tarehe 4 Julai 2002, siku ya uhuru wa nchi hiyo, Jeshi la Marekani likatoa mchezo wake lenyewe, America's Army, ambao mtu yeyote duniani aliweza kuupakua bila malipo. Lengo halikufichwa: ulikuwa chombo cha kuwavutia vijana wajiunge na jeshi. Ulidumu miaka 20 kabla ya kufungwa mwezi Mei 2022.

Ndani ya mchezo huo palikuwa na jambo moja ambalo msomaji wa Juba hawezi kulipita haraka. Timu mbili zilipopambana, kila mchezaji alijiona yeye na wenzake wamevaa sare ya Jeshi la Marekani, na wa upande wa pili akawaona kama maadui. Wale wa upande wa pili nao, kwenye skrini zao, waliona vivyo hivyo kinyume chake. Hivyo hakuna aliyewahi kucheza kama adui. Kwa mtunga programu, hilo ni suluhisho la kiufundi la kumwepusha mchezaji asijizoeze kuwapiga risasi askari wa nchi yake. Kwa waliokuwa Juba usiku wa tarehe 15 Desemba 2013, milio ya risasi ilipoanza ndani ya kikosi cha walinzi wa rais, ni maelezo ya karibu mno. Waliopigana usiku ule walikuwa wamevaa sare moja kwelikweli, na kila mmoja alimwona aliye mbele yake kuwa mwasi.

Mjadala wa Marekani haukuishia na mchezo huo. Jeshi liliunda timu ya wachezaji wanaorusha michezo yao moja kwa moja kwenye jukwaa la Twitch, linaloruhusu watumiaji kuanzia umri wa miaka 13. Julai 2020, mbunge Alexandria Ocasio-Cortez alipendekeza fedha za umma zisitumike kuandikisha vijana kupitia majukwaa hayo. Baraza la Wawakilishi lilikataa pendekezo lake kwa kura 292 dhidi ya 126. Wakosoaji walisema mtoto wa miaka 13 hawezi kutofautisha tangazo na burudani. Watetezi walijibu kwamba jeshi linalotegemea watu wa hiari lazima liwafuate vijana mahali walipo.

Hoja hiyo ya pili haina uzito sana hapa petu, ambako mara nyingi hiari haikuulizwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2008 inapiga marufuku kumwingiza jeshini mtu aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, mwaka 2018 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilikadiria kuwa watoto wapatao 19,000 walikuwa bado katika majeshi na makundi yenye silaha nchini Sudan Kusini. Hakuna aliyehitaji kuwatengenezea mchezo. Wengine walichukuliwa kwa nguvu, wengine walifuata kaka zao, wengine walifuata chakula. Ndiyo maana, nilipoanza kuifuatilia mada hii, nilidhani ni habari ya nchi za mbali ambayo ningeitafsiri tu na kuendelea na nyingine.

Nilikuwa nimekosea. Oktoba 2024, shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi kuhusu wasichana wa Kiafrika walioitikia matangazo ya mitandaoni yaliyowaahidi tiketi ya ndege ya bure, mshahara na masomo nchini Urusi. Mpango huo unaitwa Alabuga Start, na uliwalenga wanawake wenye umri wa miaka 18 hadi 22. Miongoni mwa nchi walikotoka, shirika hilo lilizitaja Uganda, Kenya, Rwanda na Sudan Kusini. Masharti ya kukubaliwa yalikuwa mepesi: kumaliza mchezo wa kompyuta na kufaulu jaribio la maneno 100 ya Kirusi.

Walipofika katika eneo la viwanda la Alabuga, jimboni Tatarstan, kiasi cha kilomita 1,000 mashariki mwa Moscow, baadhi yao waligundua kuwa kazi yao ilikuwa kuunganisha ndege za mashambulizi zisizo na rubani, za muundo wa Kiirani, zinazotumwa Ukraine. Waliozungumza na waandishi walilalamikia saa ndefu za kazi, kuchunguzwa kila wakati na kemikali zilizowababua ngozi. Aprili 2024, ndege zisizo na rubani za Ukraine zilishambulia eneo hilohilo na kupiga jengo la malazi. Msichana aliyeambiwa anakwenda kujifunza kazi za hoteli alikuwa amegeuka kuwa mtu anayelengwa vitani.

Hapa mfasiri hukwama. Kitenzi chetu "kuandikisha" hutumika kwa shule na kwa jeshi vilevile. Mama humwandikisha mwanawe darasa la kwanza, na jeshi huandikisha askari. Nilipokuwa nikiiandaa taarifa hiyo kwa ajili ya matangazo, niliandika kwamba wasichana "waliandikishwa", nikafuta, nikaandika "waliajiriwa", nikafuta tena. Mwishowe nililirudisha neno la kwanza, kwa kuwa utata wake ndio uliokuwa mtego wenyewe.

Na mchezo ulikuwa na kazi gani katika mtego huo? Anayetaka kumpima fundi wa kiwandani ana njia nyingi za kufanya hivyo. Kwa maoni yangu, mchezo ulichaguliwa kwa sababu unaondoa woga. Fomu ya jeshi humfanya mzazi aulize maswali; mchezo kwenye simu humfanya atabasamu na kuendelea na shughuli zake. Huko vitani penyewe, mpaka huo umefutika zaidi. Ukraine ina mfumo ambao vikosi vya ndege zisizo na rubani hupewa alama kwa kila shambulio lililothibitishwa kwa video, na alama hizo hubadilishwa kwa vifaa vipya. Jirani zetu wa kaskazini wanazijua ndege hizo: Mei 2025 zilishambulia Port Sudan kwa siku kadhaa mfululizo.

Yupo mwana wa Sudan Kusini aliyelishika jambo hili kwa upande wake mwingine. Lual Mayen alizaliwa wazazi wake wakiwa njiani kukimbilia Uganda, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa nchi hiyo. Mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka mitatu ili amnunulie kompyuta, naye alitembea saa tatu kwenda mahali pa kuichaji. Mchezo wa kwanza aliocheza, Grand Theft Auto: Vice City, ulikuwa wa kuua. Ameeleza mara kadhaa kwamba ulimfanya awafikirie watoto wenzake wa kambini, waliokwisha kuona mauaji halisi.

Alijifundisha kutunga programu, akaanzisha kampuni ya Junub Games, na mwaka 2018 akatunukiwa heshima katika tuzo za The Game Awards huko Los Angeles. Mchezo wake, Salaam, hauna bunduki ya kushika. Mchezaji ni mkimbizi. Hukimbia mabomu yanayoanguka na kutafuta maji, chakula na dawa. Nguvu zikimwishia, anaweza kununua maji kwa fedha halisi, na mpango wa Mayen ni kwamba fedha hizo ziwafikie wakimbizi walioko kambini.

Nilimuuliza mwenye kibanda kama anaujua. Hakuwa ameusikia. Aliniomba nimwandikie jina lake kwenye kipande cha karatasi, akakibandika kwenye bati juu ya skrini, pembeni ya bei za usiku.