Nyumba ya Fundi Huharibikia Gereji

Mafundi wa magari wanalaumiwa mahali pawili. Mwenye gari analalamika kwamba fundi ni mtu wa "njoo kesho", na kesho hiyo haifiki. Nyumbani, mke analalamika kwamba mume hutoka watoto wakiwa usingizini na hurudi wamelala tena, na hata Jumapili simu ikilia huondoka akaacha chakula mezani. Tumezoea kuzisikia lawama hizi kana kwamba hazihusiani: ya kwanza tunaiita tabia ya mafundi, ya pili tunaiita ugumu wa maisha. Ninavyoona mimi, zote zina chanzo kimoja. Fundi haikosi familia yake kwa sababu kazi ni nyingi. Anaikosa kwa sababu ameahidi kupita uwezo wake, na kila ahadi aliyoitoa asubuhi bila kuipima huja kuilipa usiku, kwa saa zilizokuwa za watoto wake.

Tazameni kazi inavyokwenda katika gereji zetu nyingi za Dar es Salaam, hasa zile gereji bubu za chini ya mwembe na pembeni mwa viwanja. Gari linaletwa linachemsha. Mwenyewe analitaka jioni. Kabla hata hajafunua boneti, fundi amekwisha kusema, "Jioni utalikuta tayari, bosi," maana anaogopa mteja asije akahamia kwa jirani. Akifungua anakuta gasketi ya silinda hedi imeungua, na hedi yenyewe imepinda, yabidi ipelekwe kwa wenye mashine ikasawazishwe. Fedha iliyoachwa ilikuwa ya kuziba rejeta tu. Anapiga simu, mteja hapokei. Wakati huo limeingia gari la pili, na mwenye gari hilo ameacha fedha ya breki; fundi anaichukua akanunulie gasketi ya gari la kwanza, akitarajia kuirudisha mteja wa kwanza akilipa. Kijana anatumwa Kariakoo kutafuta spea, anarudi na isiyolingana, anarudishwa tena kwenye foleni ile tunayoijua. Ikifika saa kumi jioni yapo magari matatu yaliyofunguliwa, hakuna hata moja lililofungwa, na simu hazinyamazi. Hapo ndipo usiku wa familia unapouzwa. Wala hauuzwi kwa bei nzuri, kwa kuwa saa zile za usiku fundi hapati ujira mpya. Anatumikia ujira alioula mchana.

Sheria za nchi zilikwisha kutambua kwamba mtu anayefanya kazi bila kikomo hawezi kutimiza wajibu wa nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, ikataka mfanyakazi apumzike saa 24 mfululizo kila wiki, ikampa mama siku 84 za likizo ya uzazi na baba siku zisizopungua 3. Fundi aliyeajiriwa na kampuni anaweza kuyadai hayo. Wa chini ya mwembe atamdai nani, na mwajiri ni yeye mwenyewe? Tena ni mwajiri mkali kuliko wengi tunaowalaani, maana hajipi siku ya kupumzika, hajipi likizo mkewe akijifungua, na akiumia mkono hajilipi. Basi hana budi ajitungie sheria yake, na kifungu cha kwanza kiwe hiki: ahadi isitolewe kabla gari halijafunguliwa na kukaguliwa. Kifungu cha pili kiwe daftari. Liandikwe gari lililoingia, kasoro iliyoonekana, fedha iliyopokelewa na siku iliyoahidiwa. Na kama ukurasa wa Alhamisi umejaa, mteja anayefuata apewe Ijumaa. Daftari la shule lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi linatosha kabisa. Hakuna anayedai kompyuta.

Jambo la fedha lataka kusemwa waziwazi, kwa kuwa ndilo linalozaa ugomvi mwingi nyumbani. Fedha ya spea si mali ya fundi. Hata hivyo inakaa katika mfuko uleule wenye ujira wake, na mke akiona noti zile, na mwezi ni Januari na sare za shule hazijanunuliwa, hawezi kuelewa kwa nini anaambiwa hakuna kitu. Fundi naye, kwa haya au kwa kiburi, haelezi. Mwishowe ama anainunulia sare fedha ya watu, kesho anamkwepa mteja, ama anaonekana bahili anayewanyima wanawe. Laini ya pili ya simu, ipokee fedha za spea peke yake, ingezima moto huu kabla haujawaka. Na mke akijulishwa ujira halisi wa wiki, hata ukiwa mdogo, atapanga matumizi ya nyumba kwa kile kilichopo. Ujira huohuo ndio utolewe kidogo kwa ajili ya bima ya afya na mchango wa NSSF, ambao hupokewa hata kwa waliojiajiri.

Haraka ya kukimbizana na ahadi hudhuru nyumba kwa njia nyingine isiyoonekana. Fundi anayefunga kazi saa nne usiku hana nafasi ya kuoga wala kubadili nguo. Ananawa mikono kwa petroli, anajipangusa kwa kitambaa chenye grisi, anapanda bodaboda na ovaroli yake, na mtoto aliyekuwa bado macho anamrukia mlangoni. Petroli ina benzeni, kemikali inayotambuliwa kuwa husababisha saratani. Vumbi la breki kuukuu laweza kuwa na asbestosi, na anayefungua betri anabeba madini ya risasi kwenye kucha na mikunjo ya nguo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, kwa sababu hudhuru ubongo unaokua. Sabuni ya unga, brashi, na ovaroli inayovuliwa na kubaki gerejini ni kinga ya bei ndogo. Yataka robo saa tu, na robo saa hiyo haipatikani kwa mtu anayefukuzwa na simu.

Nitaambiwa: mteja akiambiwa kesho kutwa ataondoka. Baadhi wataondoka, ni kweli. Lakini mwenye gari huyohuyo akilipeleka kwa wakala wa kampuni hupangiwa tarehe ya wiki ijayo, naye hutii bila kelele. Anachokidharau kwa fundi wa mtaani ni tarehe isiyoaminika. Nitaambiwa pia kwamba maskini hana uwezo wa kukataa kazi. Sisemi akatae; nasema asilifungue gari la nne kabla ya kufunga la kwanza, maana gari lililofunguliwa likalala halimletei chakula. Nitaambiwa mabasi na malori huharibika usiku, na hayangoji. Sawa, ila mafundi walio uwanja mmoja wanaweza kupeana zamu za usiku kama wauguzi wanavyofanya, na kazi ya usiku ikatozwa bei yake. Kinachonisikitisha ni kuona mafundi wanaoazimana spana mchana kutwa wakishindwa kuazimana Jumapili moja.

Yupo pia atakayesema kwamba mwanamume kazi yake ni kutafuta, na nyumba ina mwenyewe. Hoja hii inawasahau mabinti wanaotoka vyuo vya VETA na kuingia gereji: wao hutafuta, kisha hurudi wakapike na kufua, na hakuna anayewapunguzia. Inawasahau na vijana wa kujifunza, wale tunaowaita spana boi, ambao ni watoto wa watu. Kijana huyu hajifunzi gia na injini peke yake. Anajifunza pia kwamba mteja hudanganywa, kwamba chakula cha jioni si lazima, na kwamba baba ni mtu anayetuma fedha. Baada ya miaka michache ataoa, na mkewe ataishi na somo hilo.

Wenye magari nao wasijitoe katika lawama hii. Gari linagonga chini tangu Septemba, mwenyewe ameongeza sauti ya redio asisikie. Kisha linapelekwa gereji siku mbili kabla ya safari ya Desemba ya kwenda Moshi, nusu ya malipo mkononi, nusu "tukirudi". Fundi atalala chini ya gari hilo mpaka usiku wa manane ili familia nyingine ikale Krismasi kwa babu, na ya kwake imsubiri. Kama unataka kuondoka tarehe 22 Desemba, lipeleke gari mwezi Novemba, uache fedha ya spea yote, na usimpigie simu saa tatu usiku kuuliza limefikia wapi.