Watoto Wetu Wasife Maji Sisi Tukiwa Kazini

Ndugu wafanyakazi,

Mtoto akifa maji, watu huuliza, "Mama yake alikuwa wapi?" Jibu tunalijua: alikuwa kazini, akichuma chai au akisimamia mashine. Mtoto aliachiwa dada yake wa miaka saba, na nyuma ya nyumba pana mfereji, shimo la udongo au pipa lisilo na kifuniko.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Tusiseme ni kudra tu. Huko Bangladesh, ambako vidimbwi viko mlangoni, ilionekana kwamba watoto wadogo huzama zaidi asubuhi, wazazi wakiwa kazini. Vijiji vikaanzisha vituo vya kulelea watoto, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, chini ya mlezi wa papo hapo kijijini aliyepewa mafunzo. Vifo vilipungua sana, na mwaka 2022 serikali iliidhinisha vituo 8,000.

Viongozi wa matawi, tunapodai mishahara tudai na kituo cha watoto katika kila shamba na kiwanda, mashimo yafukiwe, na visima vifunikwe. Yaandikwe katika mkataba. Na sisi wenyewe tuanze leo kwa kufunika mapipa yetu.

Mwenye kumtajirisha mwajiri hastahili kurudi nyumbani akakuta matanga.