Mtoto Huyu Si Mchawi

Labda katika kijiji chenu yuko mtoto wa namna hii. Amefika miaka 4, hasemi. Ukimwita hageuki, lakini akisikia karanga zinamiminwa sahanini, anakuja mbio. Anazungusha kifuniko cha sufuria mchana kutwa. Mvua ikipiga bati, anaziba masikio na kulia. Jirani wanasema ana pepo. Wengine wanasema ni mchawi.

Hali hii inaitwa usonji. Wanaojua Kifaransa husema otizimu. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika 127 alikuwa nao. Basi Masisi na Walikale hawawezi kukosa. Haukuletwa na laana, wala chanjo, wala mama kukosa upendo. Ubongo wa mtoto umejengwa kwa njia nyingine, na milango yake ya fahamu hupokea mambo kwa namna yake. Kwa mmoja sauti ndogo ni kama ngurumo. Mwingine hujigonga asione maumivu.

Kwa sababu hiyo, maneno peke yake hayatoshi kumfundisha. Tumia macho yake, mikono yake, pua yake. Uholanzi, katika miaka ya 1970, walianza kutengeneza vyumba vya taa za rangi na muziki laini kwa watu wenye ulemavu wa akili. Ni vizuri, lakini mzazi wa Nyabiondo asihuzunike kwa kuvikosa. Jiko lake linatosha kuanza.

Ukitaka kumfundisha kuoga, mwonyeshe beseni. Mpe kitambaa akishike. Gusa maji pamoja naye, ukisema neno moja tu: kuoga. Kesho fanya vilevile. Baada ya siku nyingi, akiona beseni atajua kinachokuja, wala hatashtuka. Vivyo hivyo kijiko kitamwambia chakula, na kitenge kitamwambia safari.

Mama, unapotwanga sombe, mshikishe mchi pamoja nawe. Uzito wa mchi, mdundo wa kinu, harufu ya majani, yote yanamfikia pamoja, na wako watoto wanaotulia kwa kazi ya namna hiyo. Imba polepole, kisha nyamaza, ungoje. Labda atakutazama ili uendelee. Akikutazama, amekwisha kusema nawe.

Lakini usimtwishe mambo mengi kwa mara moja. Wako wanaodhani kelele na rangi zikizidi, faida inazidi. Mimi sikubali. Akiziba masikio, acha. Usimlazimishe kushika kitu anachokichukia. Waliochunguza kazi hii wameona inasaidia watoto wengine, si wote, wala haiondoi usonji. Anayekuuzia dawa ya kuuondoa anakula pesa zako bure.

Na sisi watu wa kanisa tuna neno la kusikia. Kumwombea mtoto ni vema, nami ninaomba. Kumfunga kamba, au kumnyima chakula ili pepo atoke, ni ukatili. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshtaki mtoto kwamba ni mchawi, na adhabu yake ni kifungo. Tena ngoma zetu na vipaza sauti vinamtesa. Mpeni nafasi karibu na mlango, na akitoka nje, mzee asimkemee mama yake.

Vita imezidisha taabu. Akisikia bunduki anaweza kukimbilia porini, asiitikie jina lake. Andika jina lake na la baba yake juu ya kitambaa, ukishone ndani ya nguo yake. Mkikimbia, chukueni kile kifuniko chake, hata wenzenu wakicheka.

Mlete hospitali tupime masikio yake, maana mtoto kiziwi hufanana sana na huyu. Utuambie pia kama huanguka kifafa, kwa kuwa kifafa kina dawa yake. Baba naye aje, ikiwezekana.