Pikipiki za Theluji Vitongojini

Yamkini msomaji atauliza: theluji yatuhusuje? Ugomvi wenyewe si mgeni kwetu. Katika vitongoji vya Kanada na Marekani, pikipiki za theluji (jina ninalolitumia kwa kukosa bora) hunguruma usiku nyuma ya nyumba za watu. Joseph-Armand Bombardier wa Quebec alifiwa na mwanawe mwaka wa 1934, theluji ikiwa imeziba njia ya hospitali. Akazidi kushughulikia gari la kuivuka. Ski-Doo yake ya 1959 ndiyo iliyoishia kuwa chombo cha starehe. Kwa hivyo, sioni busara ya kuzipiga marufuku kabisa. Zitengewe njia, zikatazwe usiku wa manane, na mwendo upunguzwe karibu na makaazi. Anayemkimbiza mgonjwa hospitalini asiguswe na sheria hiyo.